Jioni ya Chumvi Sisilia: Kuoga, Kula na Kutazama Jua Likizama kati ya Trapani na Marsala

Nimekulia kaskazini mwa Malindi, upande wa Gongoni, ambako chumvi huvunwa kwenye mabwawa yaliyochimbwa kando ya bahari. Kwetu chumvi ni kazi: jua la utosini, miguu iliyopasuka, macho yanayowasha kwa mng'ao. Kwa hiyo nilipofika mara ya kwanza pwani ya magharibi ya Sisilia, kisiwa cha Italia, nikashuka garini na kusikia harufu ile ile ya tope la chumvi lililoiva juani, nilisimama kidogo. Kisha nikawaona watu wazima wamelala chali ndani ya maji ya chumvi, wametulia tuli, wamefumba macho.

Tangu siku hiyo nimerudi mara tatu, na nimeona kwamba jioni hii ina utaratibu wake. Ukiufuata, utalala usingizi wa mtoto. Ukiuvuruga, ukala kwanza ndipo ukaoge, au ukafika jua limeshakuchwa, utaondoka na ngozi inayowasha na simu iliyojaa picha za giza. Utaratibu wenyewe ni kuyafuata maji: yanakoingia kutoka baharini, yanakokomaa, unakoingia wewe, mpaka chumvi yake inapofika kwenye sahani yako.

Mahali penyewe

Majaruba ya chumvi yametandazwa ufukweni kati ya miji miwili, Trapani na Marsala, iliyoachana kwa kilomita 30 hivi. Barabara ndogo ya pwani inayoiunganisha huitwa Via del Sale, yaani Njia ya Chumvi. Upande wa Trapani yako majaruba ya Nubia na Paceco, ndani ya hifadhi ya ndege iliyoanzishwa 1995 na kusimamiwa na WWF Italia. Upande wa Marsala iko Stagnone, bahari ya ndani isiyo na kina, sehemu nyingi mtu mzima anasimama maji yakamfika kiunoni au kifuani. Katikati ya Stagnone kuna kisiwa cha Mozia, mji wa Wafoinike tangu karne ya 8 kabla ya Kristo, mpaka Dionisio, mtawala wa mji wa Siracusa, alipouangamiza mwaka 397 kabla ya Kristo.

Nikiambiwa nichague upande mmoja kwa jioni moja, nachagua Stagnone. Jua linazama upande wa visiwa vya Egadi, mbele yako kuna maji yaliyotulia, na vinu vya upepo vimesimama pale pale kwenye matuta. Nubia ni pazuri zaidi kwa anayependa ndege na makumbusho ya kazi ya chumvi. Mwenye siku mbili aende kote kuwili.

Kuna jambo moja ambalo msomaji wa Kiswahili hafai kulipita. Al-Idrisi, mwanajiografia aliyemwandikia mfalme Roger wa Pili kitabu chake mjini Palermo, akakikamilisha mwaka 1154, alitaja jaruba la chumvi lililo mlangoni mwa mji wa Trapani. Katika kitabu hicho hicho aliandika habari za pwani ya Wazanji, na Malindi imo. Miaka zaidi ya 850 iliyopita, chumvi ya huku na mji wa kwetu vilikwisha kukaa ndani ya jalada moja.

Chagua mwezi, kisha chagua siku

Msimu wa kuoga ni Juni hadi Septemba. Uvunaji wa chumvi huanza katikati ya Julai na kuendelea mpaka Septemba, na hapo ndipo utakapoona marundo meupe kando ya majaruba yamepangwa kama paa za nyumba, na maji mengine yamegeuka rangi ya waridi. Agosti joto ni kali na Waitaliano wote wako likizo, kwa hiyo nafasi ni haba na bei hupanda. Mimi naipenda wiki ya kwanza na ya pili ya Septemba: maji bado yana moto, uvunaji bado unaendelea, umati umepungua.

Siku ichague kwa kutazama upepo kuliko jua. Jua lipo karibu kila siku. Upepo ukivuma kwa nguvu, kuelea kwenye maji kunakuwa mateso, kwani tone moja la maji yale likikurukia jichoni raha yote imekwisha. Stagnone inapendwa na wacheza tiara za baharini kutoka Ulaya nzima, jambo ambalo peke yake linakuambia upepo wa hapa si wa mchezo. Tafuta siku ambayo utabiri unaonyesha upepo unalala jioni. Ukivuma ule wa joto kutoka kusini, wanaouita sirokko, ambao huja na vumbi la Sahara, ahirisha ikiwezekana. Anga huwa ya kijivu na jua huzama bila rangi.

Saa za kuzama jua, kwa kukadiria: mwisho wa Juni ni saa mbili na nusu usiku, mwisho wa Julai saa mbili na dakika ishirini, mwisho wa Agosti saa mbili kasoro dakika ishirini, mwisho wa Septemba saa moja kasoro dakika tano. Kumbuka Waitaliano huandika saa kwa mtindo wa 24. Ukiona 19:40 kwenye tiketi, ndiyo hiyo saa mbili kasoro dakika ishirini. Panga kila kitu kwa kurudi nyuma kutoka saa ya machweo: uwe umefika muda wa saa tatu kabla yake.

Kuweka nafasi

Hapa wengi hukosea. Majaruba haya ni mashamba ya watu, na maji yaliyomo ni mali inayosubiri kuvunwa. Huwezi kuvua viatu ukajitupa kwenye bwawa lolote. Baadhi ya mashamba yametenga bwawa maalumu la wageni, na yanakupokea kwa miadi, mara nyingi pamoja na matembezi ya kuongozwa na kitu cha kula jioni. Andika barua pepe au piga simu wiki mbili kabla, na kwa Agosti hata mwezi mzima.

Uliza haya kabla hujalipa. Je, bwawa la kuogea ni la maji ya chumvi yaliyokomaa, au ni maji ya bahari ya kawaida? Kuna bomba la maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, la kujisuuzia? (Pasipo na bomba usiende, hata kama bei ni nusu.) Wanaingia watu wangapi kwa wakati mmoja? Upepo ukichafuka wanarudisha pesa au wanakupa siku nyingine? Na kwa kina mama na dada wanaovaa stara: uliza kama vazi la kuogelea la kufunika mwili linakubalika, na kama mnaweza kupewa saa yenu peke yenu mkiwa kikundi. Niliuliza kwa barua pepe, na jibu lilikuja siku ya pili likiwa na heshima zote.

Kufika

Uwanja wa ndege wa karibu ni Trapani Birgi, uliopo kati ya miji hiyo miwili, lakini safari zake ni chache. Wengi hushukia Palermo, kisha wakapanda basi la kwenda Trapani, mwendo wa saa moja na ushei. Ndugu wanaotoka Kenya, Tanzania na Uganda watahitaji viza ya Schengen. Waanze mapema, kwa sababu miadi ya ubalozini majira ya joto hujaa.

Kati ya Trapani na Marsala kuna treni na mabasi, ila hayakufikishi kwenye matuta ya chumvi, na usiku karibu yote yamelala. Kodi gari kwa siku mbili. Ukishindwa, patana na teksi moja ikupeleke na kukurudisha, na saa ya kurudi muiafikiane kabla hujashuka. Jambo la kuangalia: katikati ya miji kuna mitaa iliyokatazwa magari ya wasio wakazi, inalindwa na kamera, na faini hukufuata hadi nyumbani kupitia kampuni ya gari. Ukiona bango la ZTL, geuza.

Asubuhi ya siku yenyewe

Usinyoe. Si ndevu, si miguu, si kwapa, kuanzia siku moja kabla. Mimi nilinyoa miguu asubuhi ile ya kwanza, na nilipoingia majini nilihisi kama nimepakwa pilipili kutoka magotini kwenda chini. Dakika tano zilipita ndipo nikaweza kutulia. Kidonda chochote, hata mkwaruzo wa paka, utakijua kilipo.

Hina mpya huchujuka kwa maji haya, kwa hiyo kama una harusi wiki hiyo, chagua moja. Nywele za misuko zifunge juu na uzivishe kofia ya plastiki. Chumvi ikishakauka ndani ya rasta, kuitoa ni kazi ya siku mbili. Mapambo ya fedha na ya shaba yaache hotelini.

Ndani ya mkoba weka viatu vya mpira vya kuvalia majini, taulo mbili, nguo ya kuogea ya zamani yenye rangi nzito, chupa mbili za maji ya kunywa, chupa moja ndogo ya maji safi kwa ajili ya macho, mafuta ya kupaka (ya nazi yanafaa sana), miwani ya jua, shuka au leso ya kujitanda upepo ukipoa, na dawa ya mbu. Mbu wa Stagnone wakianza kazi baada ya jua kuzama hawana huruma.

Chakula cha mchana kiwe chepesi na cha mapema. Kunywa maji mengi kuanzia asubuhi.

Tembea kwanza: safari ya maji

Usiende moja kwa moja kuoga. Nusu ya raha ya maji yale ni kujua yamefikaje hapo ulipo.

Lita moja ya maji ya bahari hii ina chumvi gramu 38 hivi. Ili chumvi ianze kuganda, inabidi sehemu tisa kati ya kumi za maji zipotee hewani. Basi wenyeji hawayapeleki maji mahali pamoja na kungoja, wanayatembeza. Yanaingia kwanza kwenye bwawa kubwa la karibu na bahari, wanaloliita kwa Kisisilia *fridda*, bwawa baridi. Hapo kuna samaki bado. Kisha yanapita bwawa hadi bwawa, kila moja dogo na lenye kina kifupi kuliko lililotangulia, na kila hatua yanazidi kupata moto na kuwa makali. Njiani yanaacha uchafu wake: kwanza chokaa, kisha jasi. Mwishoni yanafika kwenye majaruba madogo ya kuvunia, na hapo chumvi yenyewe inaganda.

Ustadi wote uko katika kujua lini uache. Maji yakibaki mno, chumvi za magnesi nazo huanza kuganda, na hizo ni chungu. Kwa hiyo chumvi huvunwa kabla ya hapo, na maji mazito yanayobaki hutolewa. Leo wanapima kwa kipimo cha kioo kinachoelea. Lakini mzee mmoja aliyetutembeza alichota maji kwa ncha ya vidole, akayasugua kati ya kidole gumba na cha shahada, akasikiliza kana kwamba yanasema, kisha akatwambia, “Bado siku tatu.” Nikamkumbuka bibi yangu anavyojaribu shira ya kaimati kwa vidole vivyo hivyo.

Vinu vya upepo navyo vina maana yake. Kwetu, maji ya bamvua hupanda mita tatu na zaidi, na bahari yenyewe inakuletea maji mpaka mlangoni. Bahari ya Mediterania haipandi hivyo. Hapa ni suala la sentimita. Ilibidi watu wayanyanyue maji kwa nguvu ya upepo, kwa parafujo kubwa ya mbao inayozunguka ndani ya mfereji, ile inayohusishwa na jina la Archimedes, ambaye alikuwa mwana wa kisiwa hiki hiki, wa Siracusa. Vinu vingine vilitumika kusaga chumvi. Siku hizi pampu za umeme ndizo zinazofanya kazi kubwa, lakini vinu vichache vimekarabatiwa na huzungushwa wageni wakiwepo. Ukibahatika kukiona kimoja kikizunguka, simama karibu usikilize mbao.

Yatazame na marundo. Vile vigae vya udongo unavyoviona juu yake vinapangwa kwa mkono, kimoja kimoja, kuikinga chumvi na mvua za vuli. Chumvi hii ya Trapani ina kinga ya jina la kijiografia ya Umoja wa Ulaya tangu 2012, kwa hiyo ya mahali pengine haiwezi kuuzwa kwa jina lake.

Ndege wa rangi ya waridi utakaowaona kwa mbali ni heroe, wale wale wa Bogoria na Natron kwa umbo, ila hawa wengi wao ni wa aina kubwa. Waridi yao inatokana na wanachokula: vijidudu vya majini mfano wa kamba wadogo mno, ambao nao hula mwani mwekundu unaostawi kwenye maji makali. Mwani huo huo ni miongoni mwa vinavyoyapa mabwawa rangi. Usirushe droni, usishuke kwenye matuta yaliyofungwa, na usipige makofi warushwe ili upate picha.

Unapotembea karibu na jaruba la kuvunia, chini ya kiatu utasikia kitu kinavunjika taratibu. Huo ni ukoko wa chumvi, na sina neno jingine kwa kuwa ni ukoko hasa, kama wa wali wa kuni: mgumu juu, unyevu chini, na kingo zake zinakata. Ndiyo sababu ya vile viatu vya mpira.

Kuingia majini

Ingia saa moja na nusu hivi kabla ya jua kuzama. Makali ya jua yamepungua, na maji, yaliyokuwa yakichemshwa mchana kutwa kwenye kina cha shubiri chache, yako katika uvuguvugu wake mzuri.

Jisuuze kwanza kwa maji ya bomba, uondoe krimu ya jua na manukato. Hii ni adabu kwa bwawa na kwa watakaokuja baada yako. Kisha shuka polepole, ukikaa kwenye ukingo, usiruke. Tumbukiza miguu, subiri dakika moja. Kama kuna mahali pa mwili pana mchubuko, patajitangaza sasa, na bado una nafasi ya kutoka.

Halafu kaa, ujiegemeze nyuma, uache miguu iondoke. Itapanda yenyewe. Lita moja ya maji yaliyokomaa ina uzito wa karibu kilo 1.2, nawe mwili wako ni kama kilo moja kwa kila lita, kwa hiyo maji hayana namna ya kukuzamisha. Watu wasiojua kuogelea, na kwetu ni wengi hata wa pwani, hufurahi sana hapa. Lakini wasikilize hili: hatari si kuzama, hatari ni kugeuka kifudifudi. Kaa chali. Ukitaka kusimama, kunja magoti kifuani kwanza, kisha shusha nyayo. Usijitupe mbele.

Usitumbukize uso. Usijifute macho kwa mkono uliolowa. Ikitokea, usipepese sana; ita mwenzako akumwagie ile chupa ndogo ya maji safi mpaka makali yaishe. Usiyanywe maji hayo hata funda moja. Watoto wadogo wabaki ukingoni na ndoo yao.

Dakika 15 zinatosha, 20 ni mwisho. Najua utataka zaidi. Mabega yatakuwa yameshuka, shingo imelegea, na masikio yakiwa ndani ya maji utasikia pumzi yako tu. Toka hata hivyo, kwa maana joto na chumvi vinakukausha bila wewe kujua, na kizunguzungu huja ukisimama.

Niseme wazi kuhusu tiba. Kuelea kwenye maji ya moto kunalegeza misuli na viungo, hilo kila aliyejaribu analijua. Maji ya chumvi pamoja na mwanga yametumiwa na madaktari kwa miaka mingi kupunguza makali ya ugonjwa wa ngozi wa soriasisi. Lakini maneno kwamba magnesi hupenya kwenye ngozi ikakuondolea maradhi ya ndani yana ushahidi mdogo sana, na asikuuzie mtu kitu kwa maneno hayo. Mwenye mimba, mwenye presha au maradhi ya moyo au figo, na mwenye kisukari aliye na kidonda mguuni, azungumze na daktari wake kabla ya safari. Hao wa kidonda, kwa maoni yangu, watazame tu kutoka ukingoni.

Ukishatoka, jisuuze vizuri, hasa nyuma ya masikio, kwapani na kati ya vidole. Jikaushe kwa kubonyeza taulo, usisugue. Paka mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu. Vaa nguo kavu, jitande leso, kunywa chupa nzima ya maji.

Jua likizama

Kwa hili sina maelekezo mengi. Tafuta nafasi kwenye tuta ambapo kinu kiko kando yako na maji mbele yako, ukae. Kama upepo umelala, anga yote inashuka ndani ya majaruba, na kila jaruba linaichukua kwa rangi yake kulingana na ukomavu wa maji: lile la kwanza samawati, linalofuata zambarau, la mwisho jekundu kama juisi ya ukwaju iliyokolea. Piga picha zako tatu, kisha iweke simu.

Kwa wanaoswali, Magharibi inaingia hapo hapo. Kibla kutoka huku ni mashariki ikielekea kusini kidogo, kwa hiyo unalipa jua kisogo. Ile ardhi ngumu karibu na maghala ni kavu na safi. Nimeswali pale na hakuna aliyenishangaa.

Chakula

Sasa umeshaona njaa ya kweli, maana maji yale yanakamua. Waitaliano hawali mapema. Jiko la mgahawa hufunguliwa saa moja na nusu jioni, na wenyeji hujaa kuanzia saa tatu. Mashamba mengine huandaa meza pale pale kando ya majaruba. Vinginevyo rudi Marsala au Trapani mjini. Weka nafasi ya meza siku moja kabla.

Anza na mkate na chumvi. Omba mkate wao wa ufuta, mafuta ya zeituni, na chumvi za aina mbili au tatu kwenye visahani. Dondoshea mafuta kipande cha mkate, nyunyiza chumvi ya mawe. Kisha fanya hivyo hivyo kwa ile wanayoiita *fior di sale*, ua la chumvi: utando mwembamba unaoganda juu ya maji siku zisizo na upepo, unaoenguliwa kwa mkono kabla haujazama. Ya kwanza inapiga ulimi moja kwa moja. Ya pili inavunjika kama barafu nyembamba, inaondoka, halafu utamu wa mkate unabaki. Hiyo haipikwi, hunyunyizwa mwishoni.

Baada ya hapo agiza *busiate*, tambi zilizosokotwa mfano wa kamba, kwa mchuzi wa Kitrapani. Huu hautengenezwi kwa moto. Kitunguu thomu chekundu cha Nubia, kinacholimwa jirani kabisa na majaruba na chenye ukali wa kutoa machozi, hutwangwa kinuni pamoja na chumvi ya mawe. Chumvi ndiyo inayokisaga. Huongezwa lozi, majani ya mrihani, nyanya mbivu zilizomenywa na mafuta ya zeituni. Ukiona mchuzi umekuwa laini kama uji, umesagwa kwa mashine. Wa kinuni una chembe za lozi unazozihisi kwenye meno.

Chakula kikuu, kwangu mimi, ni kuskusi ya samaki. Trapani wanaiita *cùscusu*, na ni urithi wa ng'ambo ya bahari, kwa kuwa Tunisia iko karibu hapo. Unga wa ngano ngumu hunyunyiziwa maji kidogo kidogo na kuzungushwa kwa vidole ndani ya bakuli pana la udongo mpaka uwe chembechembe. Kisha hupikwa kwa mvuke, na maungio ya sufuria mbili huzibwa kwa kamba ya unga uliokandwa ili mvuke usitoroke. Mchuzi hupikwa kwa samaki wa miambani wa kila aina, chewa akipatikana, pamoja na nyanya, thomu na lozi. Ukimiminiwa, kuskusi huachwa ifunikwe na blanketi ipate kuunywa. Mtu aliyezoea kumsubiri bibi afunue sufuria ya pilau atauelewa mgahawa unaomwambia “ngoja kidogo”.

Kama bado una nafasi, agiza jodari. Visiwa vya Egadi vinavyoonekana pale mbele vilikuwa na mitego mikubwa ya jodari, na mkuu wa wavuvi aliitwa *rais*. Neno ndilo hilo hilo letu, limepita njia ya Kiarabu likafika kote kuwili. Mayai ya jodari yaliyokaushwa kwa chumvi ya hapa hukatwa vipande vyembamba au kukwaruzwa juu ya tambi. Yana ladha nzito, kidogo tu yanatosha.

Wasiokula nguruwe wala kunywa pombe waulize kwa maneno haya: *senza maiale, senza alcol, senza strutto*. La mwisho ni mafuta ya nguruwe, na ndilo linalosahaulika. Mchuzi wa Kitrapani na kuskusi ya samaki kwa kawaida havina shida, ingawa wapo wapishi wanaotia divai kwenye mchuzi wa samaki, kwa hiyo uliza. Angalia zaidi peremende na vitamutamu: ganda la *cannolo* mara nyingi hukandwa kwa divai ya Marsala na kukaangwa kwa strutto. Badala yake, granita, yaani barafu laini yenye utamu, ya limau au ya lozi ni salama na inaburudisha baada ya chumvi yote ile. Zibibbo, zabibu nyeupe ya kisiwa cha Pantelleria, ukiipata mbichi au iliyokaushwa, ile. Jina lake limetoka kwenye *zabib* ya Kiarabu, kama zabibu yetu.

Kwenye hesabu utaona kitu kinaitwa *coperto*, malipo madogo kwa kila aliyeketi. Hujaibiwa.

Kabla ya kulala

Chumvi ya kwenda nayo nyumbani inunue shambani, pale pale ulipotembea. Chukua ya mawe kwa kupikia na kopo dogo la ile ua la chumvi. Ifunge ndani ya mifuko miwili, iweke kwenye begi la kupakiwa, mbali na vifaa vya umeme, maana hufyonza unyevu.

Hotelini oga tena kwa maji ya vuguvugu, hata kama unaona umeshatakata. Chumvi iliyojificha kwenye nywele ndiyo inayowasha usiku wa manane. Nguo ya kuogea iloweke kwenye maji safi mpaka asubuhi. Viatu vya mpira viache nje, na ukiamka utakuta vimevaa chembe nyeupe pembeni. Mimi yangu nilizikung'uta kwenye karatasi, nikazikunja, nikampelekea mama Gongoni. Aliilamba moja, akanyamaza kidogo, akaniuliza kama wavunaji wa huko nao miguu yao hupasuka.